Nani Akae Jengo Lipi: Heathrow Inavyopangwa Upya Huku Imejaa

Mwaka 2008 uwanja wa ndege wa Heathrow, London, ulihudumia abiria milioni 67. Mwaka 2024 ulihudumia karibu milioni 84. Katika miaka hiyo yote idadi ya safari za ndege haikupanda. Heathrow ina njia mbili tu za kurukia na kutua, na idhini ya kujenga Jengo la 5, iliyotolewa na serikali ya Uingereza mwaka 2001, ilikuja na sharti: kuruka na kutua kukijumlishwa, zisizidi safari 480,000 kwa mwaka. Mwaka wa kawaida uwanja hufika karibu kabisa na ukomo huo. Kilichoongezeka ni watu ndani ya kila ndege. Ndege ndogo zimepisha kubwa, na viti vilivyokuwa vikiruka vitupu vimepata wenyewe.

Hao milioni 17 wa ziada wamewekwa wapi? Jibu la haraka ni kwamba wamejengewa: Jengo la 5 lilifunguliwa mwaka 2008, Jengo jipya la 2 mwaka 2014. Jibu hilo lina kasoro. Katika kipindi hicho hicho Jengo la 2 la zamani lilibomolewa na Jengo la 1 likafungwa. La 5 lilipofunguliwa majengo ya abiria yalikuwa matano. Leo yanayofanya kazi ni manne. Kwa hiyo kujenga ni nusu ya habari. Nusu ya pili, ambayo haikatiwi utepe na mtu yeyote, ni kuamua shirika gani likae jengo lipi na jirani yake awe nani, kisha kulihamisha wakati uwanja unaendelea na kazi.

Tuanze na neno lenyewe, kujaa. Uwezo wa jengo la abiria hutangazwa kwa mamilioni ya watu kwa mwaka, na takwimu hiyo hupendeza kwenye hotuba, lakini mpangaji wa uwanja haangalii mwaka. Anaangalia saa moja, ile iliyo mbaya kuliko zote. Tena kila sehemu ya jengo ina saa yake. Heathrow hupokea ndege za masafa marefu kutoka Asia, Afrika na Amerika kwa mkupuo kuanzia alfajiri sana. Muda huo ukumbi wa uhamiaji unafurika, mikanda ya mizigo haina nafasi, na kila sehemu ya kuegesha ndege kubwa ina ndege. Kaunta za wanaoondoka, ghorofani, hazina presha. Baada ya saa chache hali inageuka. Ndege zilizofika alfajiri zinapakia, foleni ya ukaguzi wa usalama inarefuka, na maofisa wa uhamiaji wanapata nafasi ya kunywa chai. Jengo moja, siku moja, limejaa huku na tupu kule.

Hapo ndipo hesabu ya kwanza inapozaliwa. Ukiliweka pamoja shirika ambalo ndege zake hufika alfajiri na lingine ambalo ndege zake hujazana mchana, jengo lile lile linabeba watu wengi zaidi bila kuongezwa tofali. Ukiyaweka pamoja mashirika mawili yenye saa mbaya inayofanana, umejitafutia msongamano hata kama jengo ni jipya. Kwa hesabu hiyo peke yake, mashirika yangepaswa kuchanganywa kama karata.

Lakini mashirika hayataki kuchanganywa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mashirika makubwa ya dunia yamejigawa katika miungano mitatu: Star Alliance, oneworld na SkyTeam. Wanachama wa muungano mmoja huuziana abiria. Mtu ananunua tiketi moja, anaruka na shirika la kwanza hadi London, anaendelea na la pili. Muungano unataka wanachama wake wote wawe chini ya paa moja, na sababu yake ni ya kibiashara kabisa. Kila uwanja huweka muda wa chini kabisa ambao abiria anahitaji kushuka ndege moja na kupanda nyingine. Heathrow, ndani ya Jengo la 5, muda huo ni kama saa moja. Ukilazimika kutoka la 5 kwenda la 3, unasogea kuelekea saa moja na nusu. Nusu saa inaonekana ndogo. Lakini mifumo ya kuuzia tiketi haimwonyeshi mteja muunganiko wowote ulio chini ya muda huo. Lihamishe shirika jengo la mbali, na safari kadhaa za kuunganisha zinafutika kwenye skrini za mawakala wa dunia nzima, ingawa hakuna ndege hata moja iliyofutwa. Abiria hajui kilichotokea. Anaona tu kwamba njia ya kupitia Frankfurt au Amsterdam ndiyo inayojitokeza juu.

Mzigo nao unaunganisha safari, na mzigo hauna miguu. Abiria anaweza kukimbia, kuomba apitishwe mbele ya foleni, kupanda basi la uwanjani. Begi linasubiri mashine isome lebo yake, liingie kwenye mkanda au gari, lipite handaki, lichunguzwe tena, lichambuliwe, lipakiwe. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii, ukiwauliza habari za kuhamisha shirika, huanza kuzungumzia mizigo kabla ya kumzungumzia abiria.

Ramani ya Heathrow inazidisha ugumu. Njia mbili za kurukia zimelala sambamba, moja kaskazini na nyingine kusini. Majengo ya 1, 2 na 3 yalijengwa katikati yake, nawe hufika huko kwa kupita handaki chini ya njia ya kaskazini. Eneo hilo limebanwa pande zote. Jengo la 5 liko magharibi, nalo kati ya njia mbili. Jengo la 4, la mwaka 1986, liliwekwa nje, kusini mwa njia ya kusini. Kwa abiria hilo ni usumbufu wa usafiri tu. Kwa waongoza ndege ni kero ya kila siku, maana ndege ya Jengo la 4 inayotumia njia ya kaskazini lazima ikatize njia ya kusini, na kila inapokatiza, hakuna nyingine inayoweza kuitumia njia hiyo kwa dakika hiyo. Kwa hiyo si kweli kabisa kwamba majengo ni jambo moja na njia za kurukia ni jingine. Ukiziondoa ndege nyingi Jengo la 4 na kuzipeleka la 5, umepunguza pia ukatizaji huo.

Kuna na ugumu wa paspoti, ambao huwa hautajwi. Abiria wa ndani ya Uingereza hapiti uhamiaji anaposhuka. Abiria wa kimataifa anayeunganisha London kwenda nchi ya tatu naye hajaingia Uingereza rasmi. Waweke hao wawili ukumbi mmoja wa kusubiria, wabadilishane kadi za kupandia ndege, na yule wa pili anaweza kushuka Manchester au Glasgow bila kuonana na ofisa yeyote. Zamani dawa ilikuwa kuwatenganisha; Jengo la 1 ndilo lililobeba safari nyingi za ndani na za Ireland. Jengo la 5 lilisanifiwa na ukumbi wa pamoja, na mpango ulikuwa kuchukua alama za vidole. Mamlaka inayolinda taarifa binafsi ikahoji, na dakika za mwisho kabla ya ufunguzi mpango ukasitishwa, zikatumika picha za uso. Tazama jinsi uamuzi wa nani akae na nani unavyoweza kufika mpaka kwenye vidole vya watu.

Sasa tufike kwenye kuhama kwenyewe. Uwanja uliojaa ni kama nyumba iliyojaa wapangaji: huwezi kumhamisha hata mmoja mpaka kwanza upate chumba kitupu. Kwa miaka mingi Heathrow haikuwa nacho. Jengo la 5 ndilo lililokuja kuwa chumba hicho, na halikupatikana kirahisi. Vikao vya umma vya kusikiliza wanaolitaka na wanaolipinga vilianza 1995 vikaisha 1999, na hakuna vikao vya mipango vilivyokuwa virefu kuliko hivyo katika historia ya Uingereza. Ujenzi ukagharimu pauni bilioni 4.3. Mpangaji wake alishajulikana: British Airways, shirika kubwa kuliko yote hapo uwanjani. Likishaingia huko, Majengo ya 1 na 4 yangepata nafasi, na mashirika mengine yangeanza kusogezwa moja baada ya jingine.

Siku iliyochaguliwa ilikuwa 27 Machi 2008. Malkia Elizabeth alikuwa amelizindua jengo wiki mbili kabla. Usiku mmoja British Airways ilihamisha sehemu kubwa ya shughuli zake, na ndege ya kwanza, iliyotoka Hong Kong, ikatua kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Hadi hapo kila kitu kilikuwa sawa.

Kisha wafanyakazi wakaja kazini. Wengine walizunguka wakitafuta maegesho ya magari, kwa sababu hawakuelekezwa vizuri. Waliofanikiwa kuegesha wakakwama kwenye ukaguzi wa usalama wa wafanyakazi. Walioingia ndani wakashindwa kufungua mfumo wa kompyuta wa mizigo. Ndege zikaanza kuondoka bila mabegi, na mabegi yaliyobaki yakaendelea kurundikana kwenye mikanda ambayo hakuna aliyekuwa akiipakua kwa kasi ya kutosha. Kufikia jioni shirika lilisimamisha upokeaji wa mizigo ya tumboni mwa ndege: ukitaka kuondoka, ondoka na begi la mkononi.

Kosa moja katika yote yaliyotokea linafaa kuangaliwa kwa karibu. Wakati wa majaribio mafundi walikuwa wameweka kichujio kwenye programu, ili ujumbe wa majaribio usiingiliane na mifumo halisi ya uwanja. Lilikuwa jambo la busara. Majaribio yakaisha, kichujio kikaachwa mahali pake. Basi begi lililoshuka kutoka shirika jingine ili liendelee na British Airways lilifika Jengo la 5 bila habari zake kutangulia. Mashine inasoma lebo, haimtambui mwenye begi, inalipeleka likachambuliwe kwa mikono. Moja baada ya jingine. Katika siku hizo za mwanzo zaidi ya safari 500 zilifutwa, na mabegi zaidi ya 23,000 yalihitaji kuchambuliwa kwa mikono; baadhi yalipelekwa hadi Milan, Italia, yakachambuliwe huko.

Watu wengi hukumbuka kisa hiki kama hadithi ya mashine iliyoharibika. Mimi nakisoma tofauti. Mikanda ilikuwa mizima na jengo lilikuwa zuri. Kilichoshindikana ni kuwahamisha maelfu ya watu waliozoea milango, njia na vitufe fulani kwa miaka, na kuwataka asubuhi moja wafanye kazi kwa kasi ile ile mahali ambapo hata choo hawajui kilipo. Ndiyo sababu awamu ya pili, ya kuhamisha safari za masafa marefu kutoka Jengo la 4, iliyopangwa kufanyika mwisho wa Aprili, ilisogezwa hadi Juni, kisha ikafanywa kidogo kidogo.

Somo hilo lilitumika miaka sita baadaye. Jengo jipya la 2 lilifunguliwa tarehe 4 Juni 2014, na siku hiyo lilikuwa na shirika moja tu, United, ndege yake ya kwanza ikitoka Chicago. Mashirika mengine zaidi ya 20 yaliingia kwa zamu katika miezi iliyofuata. Kwa mtazamaji ilikuwa ajabu kuona jengo la mabilioni likiwa na watu wachache kiasi hicho wakati majirani zake wamebanana. Lakini huo utupu ulinunuliwa kwa makusudi. Kila shirika lililoingia lilikuta wenzake wameshagundua kaunta ipi ina printa mbovu na lifti ipi inachelewa.

Si kwamba kuhama kwa usiku mmoja hakuwezekani. Munich walifanya hivyo mwaka 1992, Hong Kong mwaka 1998, na Istanbul Aprili 2019 walihamisha uwanja mzima kwa muda wa siku moja na ushei, safari zikiwa zimesimamishwa kwa saa kadhaa. Tofauti ni kwamba hao walihama wote, wakaacha uwanja wa zamani nyuma. Ukihama wote huna tatizo la begi linalotoka jengo ambalo halijahama kwenda lililohama. Heathrow haina anasa hiyo. Kila mara nusu imehama na nusu imebaki, na nusu hizo mbili zinapeana abiria mchana kutwa.

Baada ya British Airways kupata nyumba, zilifuata zamu za wengine, na kwa miaka kadhaa makumi ya mashirika yalibadilishana majengo. Kwa ujumla mchoro ulikuwa huu: washirika wa oneworld wakusanyike Jengo la 3, SkyTeam wapewe la 4, Star Alliance wasubiri la 2 jipya. Kwenye karatasi ulinyooka.

Tatizo ni kwamba jengo huchukua miaka kumi kufikiriwa na kujengwa, na mashirika hubadilisha marafiki ndani ya msimu mmoja. Chukua Jengo la 2. Lilipokuwa likipangwa, Star Alliance ilikuwa na mwenyeji wake Heathrow, shirika la bmi, lililokuwa na nafasi nyingi za kuruka na kutua na lililowaletea wenzake abiria kutoka miji ya Uingereza. Mwaka 2012 bmi ilinunuliwa na kampuni mama ya British Airways. Jengo lilipofunguliwa miaka miwili baadaye, yule ambaye angewaunganisha wageni wote na miji ya ndani alikuwa amehamia kwa mpinzani. Jengo la 3 nalo lina kichekesho chake: Virgin Atlantic ilijiunga na SkyTeam mwaka 2023 lakini inaendelea kukaa hapo hapo, na mshirika wake mkubwa Delta alikuwa ameshaondoka Jengo la 4 ili awe naye. British Airways yenyewe haienei Jengo la 5. Baadhi ya safari zake zinatokea la 3. Mwenye tiketi ya British Airways asiyesoma namba ya jengo anaweza kujikuta upande usio wake, akisubiri treni.

Na kuna wanaogoma. Hili halikutokea London, ila linaonyesha upande wa mashirika vizuri. Mwaka 2017 waendeshaji wa uwanja wa Delhi waliyataka mashirika ya nauli nafuu yaliyokuwa Jengo la 1 yapeleke sehemu ya safari zao Jengo la 2, ili la 1 lipate kupanuliwa. IndiGo, shirika kubwa kuliko yote India, lilikwenda mahakamani. Kugawanywa majengo mawili maana yake ni timu mbili za wafanyakazi, vifaa viwili viwili, na abiria wanaokwenda jengo lisilo lao. Mahakama Kuu ya Delhi ilikataa hoja hizo, rufaa nayo ikashindwa mwanzoni mwa 2018, na IndiGo ikahamisha sehemu ya safari zake. Kisheria mwendesha uwanja alikuwa sahihi. Lakini hoja ya shirika haikuwa ya kipuuzi: gharama ya kuupa uwanja nafasi ilikuwa inabebwa na mpangaji, na faida ya jengo lililopanuliwa ingegawanywa na wote, washindani wakiwemo.

Janga la korona lilifanya jaribio ambalo hakuna mpangaji angethubutu kulipendekeza. Mwaka 2020 Heathrow ilifunga Majengo ya 3 na 4, ikabana kila mtu kwenye mawili yaliyobaki. Jengo la 3 lilirudi Julai 2021, la 4 Juni 2022. Kwa hiyo kiangazi cha 2022 majengo yote yalikuwa wazi, abiria wakiwa bado chini ya idadi ya 2019. Mtu angetarajia nafasi tele. Badala yake, Julai uwanja ulilazimika kuweka ukomo wa abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku, na ukomo huo ukadumu hadi mwisho wa Oktoba. Eneo lilikuwepo. Waliokosekana ni watu wa kuendesha hilo eneo, hasa wapakiaji na wahudumu wa ardhini, walioachishwa kazi wakati wa janga na ambao hawakurudi upesi. Kufungua jengo lingine katika hali hiyo kunaweza hata kuongeza foleni, kwa kuwa timu ile ile ndogo inatawanywa mahali pengi zaidi.

Nani atahama tena? Jengo la 1 lilifungwa Juni 2015, ndege ya mwisho ikaenda Hannover, Ujerumani, na mpango ulikuwa kulibomoa ili la 2 lipanuke kuelekea huko. Tatizo lililolizuia lilikuwa la chini kwa chini: Jengo la 2 lilifunguliwa likitumia mitambo ya mizigo iliyoko Jengo la 1. Jengo lililokufa likaendelea kuchambua mabegi ya jirani yake kwa miaka. Mpaka la 2 lipate mitambo yake, la 1 haliondoki, na mpaka la 1 liondoke, la 2 haliongezeki. Mipango iliyotangazwa na Heathrow mwaka 2025, ile yenye njia ya tatu ya kurukia, inataja kupanuliwa kwa Jengo la 2 na hatimaye kufungwa kwa Jengo la 3. Hapo zamu itawafikia Virgin Atlantic, Delta na zile safari za British Airways zisizoenea la 5, na kabla ya lolote kufanyika itabidi mtu apate pa kuweka mabegi yao.